Mfungue mdomo kwanza: mimi na kuku wa Cemani

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu wa Tanga kanitumia picha WhatsApp, vifaranga wawili weusi wamekaa kwenye boksi la sabuni, chini kaandika "mjomba shikamoo, nimepata wale wa Indonesia kama wako, laki mbili kwa wawili, nimebahatika eeh?" Alimaanisha Cemani, kuku ninaowafuga mimi, ambao ni weusi mpaka ndani ya mdomo. Nikaikuza picha. Tumboni weupe, ncha za mabawa nyeupe, mdomo umefungwa kwa hiyo ndani sioni kitu. Nikamwambia marahaba, hebu mshike mmoja umfungue mdomo taratibu kwa kidole unipigie nyingine. Ikaja. Ndani pinki kabisa kama ulimi wa mtoto mchanga.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu najiuliza nianzeje, maana wale ni kuku wa Malawi, hawa hawa Australorp weusi ambao hapo hapo Tanga kifaranga wake unampata kwa elfu mbili, elfu tatu. Kijana kauza simu yake ya zamani kupata hiyo laki mbili. Nikampigia nikamwambia ukweli, akanyamaza, halafu akauliza "sasa mjomba kama ni weusi wote tofauti iko wapi?" Na hapo ndo nikaona niandike, maana hilo swali naulizwa na watu wengi, wa nyumbani na wa huku Kentucky, Marekani, ninakoishi, na majibu yake yamenichukua miaka na hela na kuku wengi waliokufa.

Tofauti ni kwamba Malawi ni mweusi wa manyoya. Mparure utakuta ngozi nyeupe, upanga wake mwekundu, ndani mwekundu. Ni kuku mzuri sana kwa kweli, sitaki mtu aone namdharau, kule Australia walikowatengeneza kuna tetea wa aina hiyo aliandikwa kutaga mayai 364 ndani ya siku 365. Kama unataka mayai na nyama chukua Malawi uachane na mambo mengine yote ninayoandika hapa.

Cemani ni kitu kingine. Jina lake kamili Ayam Cemani, ayam kwa Kiindonesia ni kuku tu, na cemani ni ule weusi wa moja kwa moja usio na doa. Kwao ni Java ya Kati, maeneo ya Kedu huko Temanggung. Manyoya meusi ambayo juani yanatoa mng'ao wa kijani, upanga mweusi, ndevu nyeusi, uso, kope, mdomo nje na ndani, ulimi, miguu, kucha, nyayo. Ukimchinja nyama nyeusi, utando wa mifupa mweusi, firigisi nyeusi, moyo mweusi. Damu ni nyekundu. Hili narudia kila mahali, damu ni nyekundu kama ya kuku yeyote, na mayai yake ni ya rangi ya krimu yenye uwekundu kidogo, madogo, hayana cha ajabu. Zile picha za mayai meusi tii mnazoziona mtandaoni ni mayai ya bata au mayai yaliyopakwa rangi au picha iliyochezewa, na anayekuuzia "mayai meusi ya Cemani" anakuibia, hakuna kuku duniani anayetaga yai jeusi.

Mimi nilianza 2019. Nilikuwa nimemwona jogoo mmoja kwenye maonyesho ya kilimo, kasimama kwenye tundu lake taa inampiga na hakuna sehemu hata moja ya mwili wake ilikuwa na rangi nyingine, nikasimama pale mpaka mke wangu akaja kunivuta. Nilikua na kuku, bibi yangu alikuwa na kuchi wale warefu na kishingo na kidimu, nilidhani kuku wote nimeshawaona. Nilivyorudi nyumbani nikaanza kutafuta, nikaona bei. Miaka ya mwanzo walivyoanza kuuzwa Marekani, kwenye 2014 hivi, mmoja alifika hadi dola 2,500, lakini nilipoanza mimi kifaranga wa siku moja ulikuwa unampata kwa dola 30 hadi 50 na wengine chini ya hapo. Nikasema hii naiweza.

Nikaagiza vifaranga sita. Huku vifaranga wanasafirishwa kwa posta, siyo utani, kifaranga akitotolewa anakuwa bado ana kiini cha yai ndani ya tumbo kinachomlisha siku mbili tatu kwa hiyo anaweza kusafiri bila kula, posta ya Marekani inafanya hivyo zaidi ya miaka 100 sasa. Muuzaji aliweka picha za wazazi, majogoo weusi kama makaa. Wakaja sita, wazima wote, weusi wote, nikafurahi sana. Nikafungua midomo. Wawili weusi vizuri, mmoja kijivu, watatu wana pinki kwenye ncha ya ulimi na kooni. Wawili kati ya hao watatu vidole vya mwisho vilikuwa vyeupe. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwa adabu kwamba wataendelea kuwa weusi wakikua.

Hapa ndo penye mtego, sababu kwenye hilo jibu kuna ukweli nusu. Manyoya mepesi kidogo ya kifuani ya kifaranga yanaweza kweli kutoweka akibadilisha manyoya. Lakini ngozi ya kidole nyeupe haiji kuwa nyeusi, na mdomo mwekundu hauji kuwa mweusi. Kinachotokea ni kinyume chake, wapo vifaranga weusi kabisa ambao wakifika miezi sita, nane, jogoo akianza kuwika na tetea akikaribia kutaga, upanga unaanza kuvuja wekundu, kwanza unakuwa rangi ya zambarau kama tunda la forosadi, halafu wekundu unaonekana ukimwangalia juani. Yule jogoo wangu bora kati ya wale sita, niliyemlinda kama yai, akiwa na miezi tisa uso ulikuwa wa zambarau. Wakati nanunua nilinunua kifaranga mweusi na nilipewa kifaranga mweusi, hakuna aliyenidanganya kwa huyo. Ndo maana sasa hivi mtu akiniambia nitumie picha ya kifaranga namwambia kifaranga ni ahadi tu, niulize kuhusu baba yake na mama yake wakiwa na mwaka mmoja na nusu.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo, nilisoma sana na nitaeleza nilivyoelewa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba kwenye kromosomu ya 20 ya hawa kuku kuna vipande vya vinasaba vimejirudia, ndani ya kimoja mna kinasaba kinachoitwa EDN3, ambacho kazi yake ni kuzichochea seli zinazotengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, wakati kuku bado kiinitete ndani ya yai. Kwa vile kiko mara mbili seli zinazaliana kupita kiasi na kusambaa mpaka mahali ambapo kwa kuku wengine hazifiki, kwenye nyama, kwenye utando wa mifupa, kwenye matumbo. Hali yenyewe inaitwa fibromelanosisi. Na walikuta badiliko lile lile kwa Silkie wa China, kwa H'Mong weusi wa Vietnam na kwa svarthöna wa Sweden, maana yake lilitokea mara moja tu zamani huko Asia halafu likasambaa na watu. Kuhusu hao wa Sweden kuna masimulizi kwamba mabaharia waliwatoa Msumbiji, na mimi mtu wa pwani nikisoma hivyo moyo unaruka, sababu kama walitoka Asia wakapita Msumbiji basi njia ni hii hii ya majahazi na pepo za kaskazi, lakini ni masimulizi, nayaacha hapo.

Cha muhimu kwa mfugaji ni kwamba hicho kinasaba hakifanyi kazi peke yake. Manyoya meusi yana kinasaba chake kingine, ndo maana Silkie anaweza kuwa na manyoya meupe pee na ngozi nyeusi. Halafu kuna cha tatu ambacho kinazuia weusi usikae kwenye ngozi, na hicho kinakaa kwenye kromosomu ya jinsia. Hili nililijua kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 jogoo wangu aliruka uzio akaingia kwa matetea wa mayai, wale wa Plymouth Rock wenye milia ya kijivu na nyeupe, miguu ya njano. Mtoto wangu akachanganya mayai kwenye mashine. Siku ya 21 naona vifaranga wanatoka aina mbili, wengine weusi kabisa na miguu myeusi, wengine weusi lakini wana doa jeupe kichwani na miguu imepauka. Wakakua, wenye doa wote majogoo, wana milia kama mama zao na ngozi nyeupe yenye mabaka, na weusi wote matetea, na ngozi yao nyeusi kiasi kwamba ungeweza kumuuzia mtu asiyejua.

Nikaja kusoma kwamba mambo ya aina hii Waingereza wawili, Bateson na Punnett, waliyaandika mwaka 1911 kwa kuchanganya Silkie na Leghorn wa kahawia. Tetea ile kromosomu ya jinsia inayobeba kizuizi anaipokea toka kwa baba peke yake, kwa hiyo baba akiwa Cemani mabinti wanatoka hawana kile kizuizi, watoto wa kiume wanakipata toka kwa mama. Geuza, weka jogoo wa miguu ya njano kwa tetea wa Cemani, hapo kizuizi kinaenda kwa wote na hakuna anayetoka mweusi vizuri.

Kwa nini nimeeleza yote hayo? Kwa sababu wale matetea chotara wangu wanane nilipigiwa simu na watu watatu wakitaka kuwanunua kama Cemani, na mmoja aliniambia wazi kwamba wazuri tu, atawauza tena. Nilikataa. Lakini ndo njia inayotumika kokote biashara hii ilipo, unachukua jogoo mmoja wa kweli unamweka kwa matetea weusi wa kawaida, kizazi cha kwanza kinatoka weusi wa kutosha kwa picha, unauza, na aliyenunua anagundua kizazi cha pili kinapotoka mchanganyiko, huyu mweusi, huyu mweupe miguu, huyu mwekundu uso, na kufika hapo umeshapita mwaka na muuzaji kabadilisha namba.

Ila niseme na upande wa wafugaji, maana wanunuzi wengi wanadhani bei ni tamaa tu. Tetea wa Cemani anataga mayai kama 80 kwa mwaka. Wale wangu wa milia wanataga zaidi ya 250. Halafu Cemani hawaatamii vizuri, wengi wanataga na kuondoka, kwa hiyo lazima uwe na mashine au kuku mwingine wa kumwekea mayai, mimi nina Silkie wawili ambao wanaatamia hata mawe. Siku zinapokuwa fupi wanaacha kutaga kabisa, kuanzia Novemba mpaka Februari unalisha tu. Katika mayai 100 niliyoweka mashineni mwaka jana walitoka 58. Katika 58 ambao midomo yao, vidole na sehemu ya nyuma vilipita ukaguzi wa kwanza walikuwa 31. Walipofika mwaka mmoja ambao ningeweza kusema huyu namweka kwa uzazi walikuwa 6. Hao 25 waliobaki nimewalisha mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akikuuzia tetea mkubwa aliyekamilika kwa dola 200 hajakuibia, na mtu akikuuzia "Cemani safi" kwa dola 15 jiulize amechuja wapi.

Na hapa nifike kwenye kitu kinachoniuma zaidi, ambacho sikioni kikisemwa sana. Ukoo wa hawa kuku nje ya Indonesia ni mwembamba. Ulaya walifika 1998 kwa mfugaji wa Uholanzi Jan Steverink, na kuingiza kuku au mayai Marekani moja kwa moja toka Indonesia ni kama haiwezekani kwa sababu ya magonjwa, mafua ya ndege na kideri. Kwa hiyo tulio nao huku wengi ni ndugu. Halafu sisi wafugaji tukipata jogoo mweusi kamili tunamrudisha kwa mabinti zake, na mabinti wa mabinti zake, kwa sababu ndo njia ya haraka ya kushikilia rangi. Nilifanya hivyo. Kizazi cha kwanza rangi ikapanda nikajisifu. Kizazi cha pili ulimi mweusi kila mmoja, sikuwahi kuona vifaranga wazuri hivyo. Kizazi cha tatu mayai yakaanza kufa siku ya 18, siku ya 19, unavunja ganda unakuta kifaranga kamili, mweusi mpaka ulimi, amekufa bila kutoboa. Niliyavunja 14 siku moja. Walionusurika vidole vimepinda, wawili midomo imepishana, wanakua polepole, na baridi ya kwanza ikawaondoa.

Nakumbuka nimekaa kwenye ndoo bandani na yale maganda najiambia nimewafanya hawa viumbe wafe kwa ajili ya rangi ya ulimi. Toka hapo nilibadilika. Nikatafuta mfugaji wa jimbo lingine mwenye ukoo usiokutana na wangu, nikaendesha gari masaa tisa kwenda kuchukua jogoo ambaye kwa weusi ni wa kawaida, ulimi wake kijivu, lakini mkubwa, kifua kipana, anapigana na mwewe. Wenzangu wa kikundi waliniambia nimeharibu. Kizazi chake cha kwanza midomo ilirudi kijivu, kweli. Lakini mayai yalitotoa 7 kati ya 10, na vifaranga walikuwa wanakimbia siku ya pili. Weusi ninaurudisha taratibu, na safari hii sina haraka, nachagua kwanza aliye mzima, halafu ndo nafungua mdomo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijanunua ni kwamba kuku huyu haonyeshi ugonjwa. Mfugaji yeyote wa nyumbani anajua, asubuhi unafungua banda unaangalia panga zao, uliopauka huyo ana minyoo au utitiri au anaharisha damu, uliogeuka bluu huyo moyo au hewa. Bibi alikuwa anamtazama kuku mara moja tu anasema huyu leo mtengeni. Kwa Cemani hiyo elimu yote inapotea. Upanga mweusi leo, mweusi kesho, mweusi akiwa anakufa. Nilipoteza tetea wawili kwa koksidia nikiwaangalia kila siku nasema wako sawa. Baridi ikiunguza upanga, kwa kuku mwingine ncha zinageuka nyeusi unajua, kwa huyu zimeshakuwa nyeusi. Sasa hivi kila Jumapili namshika kila mmoja, napapasa mfupa wa kifua kujua nyama imepungua au la, naangalia chini ya mabawa na sehemu ya nyuma kutafuta utitiri, ambao nao kwenye ngozi nyeusi kuwaona ni mpaka tochi, naangalia kinyesi kwenye ubao asubuhi, namsikiliza anavyopumua. Inachukua saa nzima na nusu. Na usiku kuwahesabu ni kazi ya kupapasa kabisa maana kwenye giza hawaonekani hata kidogo, nimewahi kufunga banda mmoja kabaki nje na rakuni, mnyama wa porini wa huku, akampata.

Mama yangu alipojua nafuga kuku weusi hakufurahi. Nilimtumia picha, akapiga simu badala ya kuandika, hata salamu hazikukaa sawa. "Mwanangu, kuku mweusi tii hivyo na huko ugenini, watu watasema nini? Au kuna mtu kakwambia ufuge?" Nikamwelewa. Sisi tunatoka kule ambako mtu akionekana na kuku mweusi asiye na doa anatoka sokoni wanageuka kumwangalia, wanajua anapelekwa wapi. Nilimweleza taratibu kwamba ni kuku wa asili ya nchi yao kama sisi tulivyo na kuchi, akasema haya, lakini usiwauzie watu wa mambo hayo. Na kwa kweli hata kwao Java ni hivyo hivyo, Cemani kamili anatafutwa kwa sadaka na tambiko, na hiyo ni moja ya sababu bei yake kule haikushuka, mnunuzi wa aina hiyo hataki mwenye doa hata la ukucha. Jirani yangu mmoja mama wa Kikongo naye alikuja kusimama kwenye uzio akanitazama akauliza, "Papa Salma, hii kuku njo ya dawa ao ya kukula?" Nikamwambia ya kufuga tu mama. Akaguna. Baadaye alikuja kuzoea, akawa ananiletea mabaki ya sombe, yaani kisamvu.

Ya kula nimekula, wale majogoo waliochujwa. Ladha ni ya kuku wa kienyeji, nyama kidogo na imekaza, inataka moto mrefu, supu yake inatoka kijivu. Wachina wana desturi ya kumpa mama aliyejifungua supu ya Silkie mweusi, na India wana wao wanaitwa Kadaknath wa huko Jhabua, ambaye mwaka 2018 serikali ilimpa hati ya kulinda jina lake la eneo, wanamuuza ghali kwa nyama. Mambo kwamba anatibu kisukari na presha na nguvu za kiume nimeyasikia yote, na sitayauza, mtu mwenye presha aende hospitali.

Nyumbani watu wananiomba niwatumie mayai, hata niyabebe kwenye begi nikija likizo. Hapana. Toka 2022 huku mafua ya ndege yamekuwa yakipiga mashamba mwaka hadi mwaka, kuna wakati eneo letu lilizuiwa kabisa kusafirisha kuku, nilikaa na vifaranga 20 waliokwisha kulipiwa nikarudisha hela. Ukibeba mayai kimya kimya hujui unabeba nini, na nyumbani kuku wa bibi wanatembea uwanjani hawana ukuta wala chanjo. Kuingiza kunataka kibali cha wizara ya mifugo na cheti cha afya toka unakotoa, basi. Kama mtu anakwambia ana Cemani Tanzania au Kenya mwulize makaratasi ya waliowaingiza, mwulize wazazi wako wapi uende ukawaone kwa macho yako, siyo video. Ukifika mshike tetea mwenye zaidi ya mwaka, mtoe juani, siyo chini ya bati, mwangalie upanga dhidi ya mwanga, mfungue mdomo uone ulimi mpaka kooni, angalia nyayo na katikati ya vidole, geuza uangalie nyuma. Halafu mwulize swali ambalo mimi nauliza kabla ya yote siku hizi, katika mayai kumi ngapi yanatotoa? Mfugaji wa kweli anajua hiyo namba, na mara nyingi anaisema kwa huzuni. Na mwulize jogoo na matetea wamekutana wapi. Akisema wote wametoka kwenye mayai ya mama mmoja, rudi nyumbani na hela yako, hata wawe weusi vipi.

Mpwa wangu hakurudishiwa laki mbili yake, namba ya muuzaji haipatikani. Nilimtumia nusu yake nikamwambia anunue Malawi wengine wanane awaongeze kwa hao wawili, awachanje kideri, aanze. Jana kanitumia picha ya bruda, ile nyumba ya joto ya vifaranga, aliyotengeneza kwa pipa na jiko la mkaa, kaweka na kipimajoto. Imekaa vizuri kuliko ya kwangu ya kwanza. Kauliza vifaranga wanapopiga kelele usiku maana yake baridi au njaa, nikamwambia angalia wamekaaje, wakirundikana ni baridi, wakikimbilia ukutani ni joto.

Huku mimi leo ni siku ya 19. Mayai 24, ya yule jogoo wa ulimi kijivu na mabinti wa ukoo wa zamani. Jana nimeyamulika, 20 yanacheza. Nimeacha kuyageuza, nimeongeza maji kwenye trei, na nimehamishia kiti karibu na mashine.